Mlango Uliokuwa Ukitekenya

Kila asubuhi Kabibi aliteka maji, akafagia uwanja, kisha akausukuma mlango wa chuma wa nyumba yake kwa ncha ya kidole. Alikuwa na sababu. Mlango ule ulikuwa ukitekenya. Ukiushika vizuri, kitu kama siafu kilikutembea mkononi.

"Mlango unakusalimia, mama," alisema Linda, binti yake wa gredi ya pili.

Kabibi alicheka. Tena, kwa siri, hakuichukia salamu ile. Mlango huo uliwekwa na mumewe, Gunga, kabla hajaenda Mombasa kujenga maghorofa. Gunga alikuwa na mchezo wa kumtekenya kiganja kila akimpa mkono. Sasa hayupo. Vuli imepita, masika yamepita, na Gunga hajaja. Kabibi aligusa chuma, akasisimka, akasema moyoni, "Na wewe huko uliko, salama."

Nyumba yao ilikuwa Idsowe, karibu na Garsen. Ilikuwa nyumba ya zamani ya baba yake Gunga, ya udongo na mabati. Nyaya za umeme zilipita juu zikigusa mabati, na fremu ya mlango iligusana na mabati hayo. Soketi ilikuwa moja tu, karibu na sakafu, nayo imelegea. Kwa hiyo Kabibi aliingiza nyaya tupu za chaja kwenye matundu, akazikaza kwa njiti za kiberiti. Ilibidi simu iwe na chaji. Gunga hupiga Ijumaa, akitoka kazini.

"Shemeji, nyumba hii itakupika siku moja," jirani yake Barnabas, mkulima wa mpunga, alimwambia Kabibi. "Na ulivyokonda, hata fisi watalalamika."

"Gunga amesema tungoje. Akija atatengeneza mwenyewe."

"Gunga! Tangu mafuriko yaliyotutoa majumbani Gunga anakuja. Hata mto ulikuja, ukarudi."

Kabibi aliinama. Neno hilo lilimchoma. Kumwita fundi mwingine, kwake yeye, kulikuwa kama kukiri kwamba Gunga haji tena.

Ijumaa moja alasiri, mawingu meusi yalijaa upande wa Kipini. Barnabas alipita mbio, jembe begani.

"Shemeji, radi hiyo! Chomoa kila kitu! Zima umeme!"

Kabibi aliitazama simu. Chaji ilikuwa kidogo mno. "Nitazima akishapiga," alisema.

Mvua ikashuka. Upepo ukalitikisa bati, nalo likausugua waya uliokuwa chini yake. Linda akatokea akitoka shule, amelowa chapachapa, viatu mkononi. Akaushika mlango kwa kiganja kizima.

Safari hii mlango haukutekenya. Ulimkamata. Linda alitetemeka, mdomo wazi, sauti haitoki.

Kabibi, aliyekuwa ndani, aliruka ili amshike.

"Usimshike!" Barnabas alipiga kelele kutoka barazani kwake. "Atakuvuta na wewe! Zima kwanza!"

Swichi kubwa ilikuwa ukutani, pakavu. Kabibi akaishusha. Linda akaanguka matopeni, kimya. Kisha akalia. Kabibi hakuwa amewahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Walimkimbiza kituo cha afya. Kiganja kilikuwa kimeungua, lakini moyo ulipiga vizuri. Mhudumu alisema alale pale, wamwangalie. Kabibi akaketi kando ya kitanda, na simu aliyoichomoa wakitoka ikalia. Alikuwa Gunga.

"Mama Linda, mbona sauti yako hivyo?"

Akamweleza yote. Kisha akasema, "Gunga, wewe nitakungoja. Nyaya siwezi kuzingojea tena."

Kabibi alimsikia akivuta pumzi. "Mwite fundi," alisema. "Mwenye leseni. Usingoje mkono wangu."

Fundi aliyekuja alikuwa mwanamke wa Kiorma kutoka Garsen, jina lake Kaltuma. Kabla ya kugusa chochote alionyesha leseni yake. "Mtu akija kutengeneza umeme wako, mwombe hii kwanza," alisema. Akaizunguka nyumba. Nyuma, waya mmoja ulining'inia ukutani, ncha yake haikushika kitu.

"Hapa palikuwa na chuma kirefu ardhini, cha rangi ya shaba. Kiko wapi?"

Kabibi akaziba mdomo kwa kiganja. "Wakati wa mafuriko, mtumbwi wa Barnabas ulifika hapa kutuchukua. Hapakuwa na pa kuufunga. Udongo ulikuwa umelainika, nikaking'oa, tukakichomeka mbele ya mlango ili tuufungie."

Barnabas akajikuna kichwa. "Kumbe! Mpaka leo nakitumia kufungia mtumbwi pale mtoni. Chuma kizuri, hakishiki kutu."

Kaltuma alicheka mpaka akakaa chini. "Basi mtumbwi wenu una umeme salama kuliko nyumba!"

Kisha akawa makini. "Umeme ukivuja, hutafuta njia ya kwenda ardhini. Chuma kile kilikuwa njia yake. Mlipoking'oa, ukabaki kwenye mabati na mlango, ukimngoja mtu apite. Ule mtekenyo haukuwa salamu, dada. Ulikuwa onyo."

Kabibi alitazama pembeni. Macho yalimwasha.

Kaltuma alitoa nyaya kuukuu zote. Mpya alizipitisha ndani ya mabomba ya plastiki, mbali na mabati. Soketi mpya aliiweka juu, kupita alama ya maji ya mafuriko iliyobaki ukutani. Akapigilia chuma kipya mpaka kikazama, akakifunga waya. Karibu na swichi kubwa akaweka kidude chenye kitufe.

"Umeme ukivuja, hiki hujikata chenyewe. Kila mwezi bonyeza kitufe, uone kama kinakata."

"Na maji yakija?" Kabibi aliuliza.

"Zima swichi kubwa mapema, mkono mkavu, umesimama pakavu. Kama maji yameshaingia, usiisogelee. Yakiondoka, usiwashe mpaka fundi aangalie. Na waya ukianguka nje, kaa mbali, waite watu wa umeme."

"Hata ukimwangukia ng'ombe wangu?" aliuliza Barnabas.

"Hapo ndipo ukae mbali zaidi."

Kaltuma alipoondoka, Kabibi aliushika mlango kwa mkono wote. Hakuhisi kitu. Chuma tu, baridi. Ilikuwa kama mtu mwingine amehama.

Mvua zilirudi. Kabibi alichaji simu mapema, na radi ilipoanza kunguruma mbali, alichomoa kila kitu. Gunga alipopiga, simu ilikuwa imejaa, nao walizungumza mpaka maneno yakaisha, wakabaki wakisikilizana wakipumua.

Asubuhi moja kulisikika ko ko ko mlangoni. Gunga alikuwa nje, begi begani, akiugonga mlango kwa kijiti kikavu, amejivuta nyuma kama anayechokoza nyoka.

Linda alicheka mpaka akashika tumbo. "Shika tu, baba! Hauumi tena!"

Gunga akakitupa kile kijiti. Akaweka kiganja juu ya chuma, taratibu. Kabibi akatoka, akaweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe. Mlango ulikuwa baridi. Kidole kimoja cha Gunga kikageuka, kikamtekenya kiganjani.