Neno la Siri la Tovuti ya Mama

Rafiki yangu, fundi saa, alinisimulia haya, nami nayaandika kama alivyoyasema. Alikuwa ametengeneza tovuti ya picha za marehemu mama yake, akaifunga kwa neno la siri ili waione ndugu zake tu. Picha zenyewe za karatasi zilishaliwa na mchwa. Zilibaki humo tu. Mchana mmoja tovuti ikamkatalia kuingia mara tisa.

"Kaka, si wewe mwenyewe uliyeifunga?" dada yake alimcheka kwenye simu.

"Usinichokoze! Naandika neno lile lile, nayo inanikataa kama mwizi!"

Mara umeme ukakatika. Chumba hakikuwa na dirisha, giza likajaa, kompyuta ikazimika. Kisha kibodi ikaanza kugongwa, taratibu, herufi moja moja.

"Afadhali umetulia, nakusikia unaandika," dada akasema.

"Mikono yangu yote miwili imeshika simu," akanong'ona.

Umeme uliporudi, kompyuta ikajiwasha na tovuti ikafunguka bila kuuliza chochote. Chini ya picha ya mama na watoto wake wote wanne palikuwa na maneno ambayo rafiki yangu hakuyaandika: "Mama na sisi wanawe watano."