Valvu Namba Tisa

"Chai inapoa," sauti ya bosi wake ilikwaruza kwenye redio ya Motorola. "Saa sita kamili tunatangaza."

Wembe alikanyaga mafuta. Land Cruiser ikaruka matuta.

Maana aliijua. Bomba la gesi kutoka ng'ambo ya mpaka lilikuwa limekauka tangu alfajiri. Saa sita wakubwa wangetangaza kwamba jirani kalifunga makusudi, na askari waliojipanga mpakani wangevuka.

Yeye, mpelelezi, katumwa alete ushahidi. Ushahidi wa jambo lililokwisha amuliwa! Hilo ndilo lililomkera.

Na wale wa ng'ambo walikuwa wakipiga simu kila saa, wanaapa: "Huku kwetu presha inapanda, jamani!" Hakuna aliyewasadiki.

Wembe alijiuliza. Kwao inapanda, kwetu inashuka. Basi kuna mtu kaziba katikati.

Saa tano na dakika thelathini na tano alifunua shimo la valvu namba tisa, kilomita tatu ndani ya ardhi yetu.

Imefungwa.

Kufuli lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo. Aliyefunga alikuwa na ufunguo, na funguo zilikuwa mbili tu: mmoja kwa mshauri wa usalama, mgeni kutoka nchi ya mbali aliyeletwa mwezi jana, mwingine kwa mkuu wa zamu wa kituo cha gesi.

Mkuu wa zamu ni shemeji yake, mume wa dada yake. Mama mzazi wa shemeji ni mtu wa ng'ambo.

Alilivunja kufuli kwa mtaimbo.

Aliushika usukani wa valvu. Haukutikisika. Akachomeka mtaimbo, akauning'inia kwa uzito wake wote, mpaka ukalia na kuachia. Gesi ikaanza kunguruma chini ya miguu yake.

"Ilifungwa kwetu. Nimefungua," aliripoti redioni.

"Basi ni shemeji yako, kwa amri ya ng'ambo. Mtie pingu. Saa sita iko palepale."

"Nipe dakika ishirini."

"Kumi na tano."

Kituoni shemeji alikuwa mbele ya mageji ya presha, shati limelowa jasho. Mshauri alikaa pembeni na kikombe cha kahawa, viatu vinang'aa.

"Njooni uani, wote wawili."

Uani palikuwa na valvu kuukuu ya kufundishia.

"Shemeji, ifunge."

"Mchezo gani huu saa hizi, shemeji?"

"Funga!"

Alizungusha mpaka mwisho. Kisha, bila hata kuwaza, akaurudisha usukani robo mzunguko. Mafundi wote wa kituo hufanya hivyo ili valvu isigande. Shemeji alishawachosha nyumbani kwa somo hilo, hata bomba la jikoni halikupona.

Wembe aliifungua tena. "Zamu yako, bwana mshauri."

Mshauri alicheka. Akafunga, akakaza, akakaza tena kuonyesha misuli.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Namba tisa ilikazwa hivyohivyo. Fundi wa hapa hawezi."

Mkono wa mshauri ulizama kotini.

Bastola ya Wembe, Glock, ilitangulia. "Usithubutu."

Shemeji alimpekua. Bastola. Ufunguo. Simu ya setilaiti, na ujumbe wa asubuhi: *Wakishavuka, bomba limekufa. Meli zetu za gesi ziko tayari. Watanunua kwetu.*

Saa tano na dakika hamsini na saba Wembe aliusoma neno kwa neno kwenye redio.

"Tangazo limefutwa," sauti ilisema kwa shingo upande. "Askari wanarudi kambini."

Walinzi wa kituo walimkokota mshauri. Shemeji hakumtazama. Alikuwa anamtazama Wembe.

"Ulinishuku."

"Nilikushuku," Wembe alisema, na aibu ikamchoma. "Mpaka uliporudisha usukani."

"Dada yako asijue."

"Hatajua."

Ndani, simu ya ng'ambo ililia, kama kila saa. Shemeji aliingia, akagonga kioo cha geji kwa kidole, akapokea.

"Inapanda, jamani," alisema. "Na huku kwetu inapanda."

Wembe alivaa miwani yake ya jua, akaelekea kwenye gari.