Historia ya Nyarutembo Bila Mama Rozi

Yuster Rwekaza alikutana na Mayenga kwenye duka la kutoa kopi karibu na soko la Bukoba, siku ambayo nusu ya mkoa ilikuwa imefika hapo na vyeti vya kuzaliwa mkononi. Yuster, mwalimu wa historia wa miaka ishirini na tisa, alivaa gauni la kitenge cha bluu lililomkaa vizuri kiunoni, na alikuwa akingoja karatasi zake zitoke kwenye mashine. Nyuma yake alisimama Mayenga, mfanyabiashara wa dagaa, shati jeupe limenyooshwa vizuri, kopi ya leseni kwapani. Alianza kuzisoma karatasi za Yuster bila kuombwa.

"Nani kaandika upuuzi huu?" aliuliza.

"Si upuuzi. Ni historia ya mji."

Mji wenyewe ulikuwa Nyarutembo, mji mdogo wa soko wilayani Muleba: barabara moja ya lami, parokia, maghala mawili ya kahawa yaliyofungwa, na wakubwa wachache wanaoamini kwamba dunia nzima inawatazama. Soko lao lilikuwa linatimiza miaka hamsini, wakaunda kamati ya kuandika kitabu. Mwenyekiti alikuwa Mzee Ildefons, mtendaji mstaafu, aliyekaa ofisini miaka thelathini na hakuacha nyuma yake hata choo cha soko. Wajumbe wote walijiita wasomi, na hakuna aliyeweza kumaliza ukurasa mmoja, kwa hiyo kazi akapewa Yuster, ambaye baba yake alikuwa mjumbe na Ildefons alikuwa baba yake wa ubatizo.

Mayenga aliweka kidole kwenye mstari uliosema kwamba miaka ya tisini waliingia wanyamahanga, watu wa kuja, kutoka visiwani, wakaleta kelele, ulevi na maradhi.

"Huyo mnyamahanga ni mama yangu," alisema. "Kelele anazo, sikatai. Hayo mengine mwandishi aje ayathibitishe."

Yuster aliona aibu, akaeleza kwamba mstari ule aliandikiwa na mwenyekiti. Mayenga akamuuliza kama mwenyekiti ndiye anayemshikia kalamu. Swali hilo lilimchoma, lakini alipotoka dukani namba ya Mayenga ilikuwa kwenye simu yake. Alijiambia ni kwa ajili ya utafiti.

Utafiti ulikwenda haraka. Kabla ya wiki mbili walikuwa wanapigiana simu asubuhi kabla ya kengele ya shule na jioni baada ya masomo. Mayenga alimwita Mwalimu Wangu na kumtaka amsahihishie Kiswahili chake cha ziwani. Yuster alimwita Bwana Dagaa na kumwonya asikae karibu naye kanisani, maana waumini watamtambua kwa pua. Jumamosi walikutana ufukweni Bukoba, wakala samaki wa kukaanga na ndizi, Yuster akiwa amevua viatu, na Mayenga akamwambia kwamba hajawahi kuona mwalimu mwenye vidole vya miguu vizuri hivyo.

"Umeona walimu wangapi pekupeku?" Yuster aliuliza.

"Mmoja. Na amenitosha."

Mayenga ndiye aliyempeleka kwa mama yake, kwenye kisiwa alikorudi kuanika dagaa. Mama Rozi alikuwa Mkerewe, mwanamke mrefu mwenye mikono iliyopauka kwa chumvi, aliyeingia Nyarutembo mwaka 1991 na karai moja la samaki. Alizungumza mchana kutwa. Alisimulia miaka ile ugonjwa ulipokuwa ukimaliza nyumba za mji, na wenye nyumba zao, watu wa misa ya kwanza, wakipita mbali na ndugu zao wenyewe. Kwenye nyumba moja ya bati, kwenye kona ya ghala la kahawa, alimkuta msichana aliyefungiwa chumba cha nyuma. Alimwogesha na kumlisha supu ya samaki kwa miezi mitatu, mpaka alipofariki. Kaka zake walikuwa wakimsukumia chakula kwa fimbo.

Hakutaja jina. Yuster naye hakuuliza, kwa sababu kila mtu wa Nyarutembo aliijua nyumba ya kona. Msichana aliitwa Dativa, na alikuwa dada yake Ildefons.

Aliiandika sura hiyo kwa siku nne, bila majina, na ilikuwa kitu bora alichowahi kuandika. Mstari wa kelele na ulevi akaufuta. Akamwambia Mayenga kwamba mama yake sasa yumo kwenye kitabu, na Mayenga akasema kwenye simu, "Nakupenda, Yuster. Nilitaka kukwambia ana kwa ana, lakini nimeshindwa kungoja."

Sura hiyo ilipomfikia Ildefons, alimwita nyumbani. Alikuwa amevaa koti la suti juu ya msuli, kama alivyozoea kupokea watu anaowadharau. Alisema historia ni ya wenyeji, na wauza samaki watajiandikia yao siku watakapojua kuandika. Sura ikatolewa, mstari wa zamani ukarudishwa. Mzee Rwekaza, baba yake Yuster, alikuwepo, akitafuna akamwani, ile kahawa kavu ya wageni, na hakufungua mdomo kwa jambo lingine lolote. Yuster alisema kwa heshima ya Kihaya, "Sawa, waitu." Akaenda zake, na hakumwambia Mayenga.

Siku ya uzinduzi, uwanja wa soko ulipambwa kwa migomba. Wakubwa walijaa mbele na tai zao pana za zamani, wakipongezana kwa Kiingereza kibovu kwa kitabu ambacho hakuna aliyekisoma. Mama Rozi alifika na kitenge kipya cha rangi ya chungwa na kilemba chake, akakaa kiti cha mbele. Kijana wa itifaki akamwinua, akamwambia viti vile ni vya waalikwa. Akasimama pembeni, akanunua nakala, akampa mwanawe amsomee.

Mayenga alipekua kurasa zote. Kisha akausoma ule mstari kwa sauti ya kawaida, kelele, ulevi na maradhi, na chini ya ukurasa jina la mwandishi, Yuster Rwekaza. Mama Rozi alichukua kitabu, akakiweka kwenye kapu chini ya nyanya, akaondoka.

Yuster aliwakimbilia hadi barabarani.

"Ulijua lini?" Mayenga aliuliza.

"Wiki tatu zilizopita."

"Wiki tatu umekuwa unaniita mpenzi, na umeshamuuza mama yangu." Hakupandisha sauti. "Nyie watu mnajua sana kusoma."

Hakupokea tena simu zake. Yuster alipiga kwa siku tisa. Siku ya kumi alipanda boti hadi kisiwani, ambako Mama Rozi alikuwa akianika dagaa, na akasimama mbele yake na viatu vyake vya shule vimejaa mchanga. Hakujitetea. Alisema hakulazimishwa na mtu, aliogopa tu.

Mama Rozi aliendelea kugeuza dagaa. "Waliokuwa wanapita nyumba ya mgonjwa wakiziba pua nilishawazoea," alisema. "Wewe ndiye nilikuwa sijakuzoea."

Yuster alirudi na maneno hayo kifuani. Kamati ilipokutana ukumbi wa parokia kujipongeza, aliingia bila kualikwa, akaomba jina lake liondolewe kwenye kitabu. Ildefons akamuuliza kwa kicheko kwani ameumwa na dagaa gani.

"Dativa aliogeshwa na nani, baba?" Yuster alimuuliza.

Ildefons alitazama makaratasi yake kama mtu anayetafuta kifungu cha sheria. Tusimtafutie huruma, maana hakuitafuta mwenyewe. Aliyesimama alikuwa Mzee Rwekaza. Alisema kwamba yeye naye alipita mbali na ile nyumba kila siku, na kwamba jina lake pia liondolewe. Kisha akatoka nje na binti yake, mkono umemshika begani, kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa mtoto.

Habari zilifika visiwani kabla ya jua kuzama. Kesho yake Mayenga alikuwa amesimama nje ya geti la shule, shati halijanyooshwa.

"Sijasahau," alisema.

"Sikuombi usahau."

"Ukiolewa na mimi, toleo lijalo watakuandika wewe mnyamahanga."

"Waandike," Yuster alisema. "Mwandishi hawana."

Mayenga alicheka, akajifuta macho kwa kiganja, akamuuliza kama ni ndiyo. Yuster alimtuma amwambie Mama Rozi kwanza. Akikubali yeye, ni ndiyo. Jibu la mama lilikuja kwa simu, na dagaa wakisikika wakimwagwa kwenye turubai.

"Aje," alisema. "Ila avue hivyo viatu."