Mwali Wangu wa Benki Alinianika Mbele ya Mkwe Wangu

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na nne, mzaliwa wa Newala, nimeolewa Chiungutwa, Masasi. Nina mume, nina mikorosho, nina mabinti wakubwa wenye nyumba zao. Naandika haya nikiwa na hasira, na asitokee mtu wa kuniambia nipunguze. Nimepunguza vya kutosha!

Nilikuwa kungwi. Kwa asiyejua, kungwi ndiye anayewafunda wasichana wakiwekwa ndani unyagoni, na anayefundwa anaitwa mwali. Kazi hiyo nilifundishwa na Bi Somoe, nyakanga wetu, yaani mkubwa wa makungwi wote wa hapa. Nyimbo zetu za ndani hazisikiwi na mwanaume, wala na mwanamke ambaye hajachezwa, yaani hajapitishwa unyagoni. Mume wangu nimezaa naye watoto wote hawa, lakini hajui hata mstari mmoja.

Nilikuwa na hamu moja tu. Mjukuu wangu wa kwanza, Mwanahawa, mtoto wa binti yangu Zubeda, nimcheze mimi mwenyewe na kumtoa nje kwa mkono wangu. Mtoto huyo nimemlea tangu alipoachishwa ziwa. Kila msimu wa unyago nilikuwa nahesabu, bado kidogo... bado kidogo.

Ndipo benki ilipoingia. Jina silitaji. Ni benki yenye mfuko wake wa hisani, nao ulitangaza kwamba utasaidia wilaya yetu katika sayansi, huduma za jamii na utamaduni. Sekondari ikapata darubini na vifaa vya maabara. Zahanati ikapata vitanda vya kujifungulia, na mimi nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Fungu la utamaduni ndilo lililomleta kwangu msichana wa kutoka Dar es Salaam, anaitwa Lilian.

Jamani, Lilian alikuwa na adabu! Anapiga goti, shikamoo mama, anashika mchi anatwanga, anakula ming'oko yetu ya kuchimba porini bila kukunja uso. Akanieleza kwamba makungwi wanazeeka na nyimbo zinapotea, hivyo mfuko unataka kuzirekodi ili wajukuu zetu wazikute. Nikamuuliza nani atazisikia. Akasema wanawake tu, tena wale watakaoletwa na makungwi wenyewe. Nikamwambia hata hivyo haiwezekani, maana wewe mwenyewe hujachezwa.

Akapiga goti tena. Kisha akasema, "Basi nicheze, mama."

Hapo ndipo nilipotumbukia, wenzangu... Mtu wa kwingine angemfukuza. Lakini kwetu sisi mtu akishachezwa ni wetu, mdomo wake umefungwa. Kungwi aliyekucheza ndiye somo yako, mtu wako wa siri mpaka kaburini, na katika maisha yangu sijawahi kuona mwali akimgeuka somo yake. Nilijua nimepata dawa! Bi Somoe alisita. Aliuliza mama wa huyu binti ni nani, anakaa wapi, na akiharibu tutakwenda kumshitaki mlango gani. Nikajibu kwamba mimi nitamsimamia. Mimi huyu, kwa mdomo wangu!

Tukamtia ndani, tukamfunda, akalia kama wanavyolia wote. Tukamtoa kwa ngoma na vigelegele, amefunikwa khanga, macho chini. Akanishika miguu.

"Somo," akasema, "haya nitakufa nayo."

Na mimi nikalia, mjinga mimi! Baadaye wanaume wote wakaondoshwa, nikakaa uani na makungwi wenzangu, nikaimba mbele ya kile kifaa chake cha kurekodi. Niliimba zote. Hata zile ambazo Bi Somoe alinifundisha kwa kuninong'oneza sikioni nilizitoa, kwa kuwa nilimwona Lilian kama mwanangu wa tumboni.

Siku ya kilele ikafanyika Masasi mjini. Maturubai, tisheti zenye nembo ya benki, mgeni rasmi, wakubwa wa benki na viatu vyao vya kung'aa. Nilikalishwa mstari wa mbele. Nyuma yangu alikuwepo mume wangu, kaka zangu waliotoka Newala, na Bakari, mume wa Zubeda. Mnajua heshima ya mkwe kwetu. Tangu amwoe binti yangu sijawahi kusema neno la upuuzi mbele yake, hata kucheka kwa sauti naona haya.

Zikasomwa hotuba. Wanafunzi wakaonyesha darubini yao, tukapiga makofi. Kisha ikawashwa video. Ikaonekana mikorosho, ikaonekana barabara ya kupanda Newala... halafu nikasikia sauti yangu.

Kwenye spika kubwa! Wimbo wa ndani kabisa, ule tunaomfundia mwanamke mambo ya chumbani kwake na mumewe. Na chini ya picha wameandika maneno yake kwa Kiswahili, ili hata asiyejua Kimakonde asikose kitu! Watu wakacheka. Wanaume wakapiga miluzi. Bakari akainuka, akapita mbele yangu bila kunitazama, akatoka.

Nilimfuata Lilian nyuma ya turubai. Nikamuuliza, mwali wangu, umenifanya nini? Alishangaa, tena alishangaa kweli. Akasema mbona watu wamefurahi, mgeni rasmi amesema ndio mradi bora kuliko yote. Nikamkumbusha alichoniambia siku aliponishika miguu.

"Mama Zubeda," akasema, "mimi nilichezwa kwa ajili ya kazi."

Mama Zubeda! Mimi si somo tena? Yale machozi yalikuwa ya kazi? Nilitamani ardhi ipasuke, lakini kabla sijaingia mimi aingie yeye.

Nikaenda kwa afisa utamaduni. Akacheka, akasema mama sasa wewe ni maarufu. Majirani nao wakanisema, eti kelele za nini, binti zetu wanajifungulia kwenye vitanda vya nani? Hilo ndilo linalonichoma zaidi. Vitanda ni vizuri, nani amekataa? Lakini nani aliwaambia kwamba ukimpa mtu kitanda unaruhusiwa kumvua nguo hadharani?

Makungwi wakaitana. Desturi yetu inasema mwali akiharibu, anayeulizwa ni somo yake. Bi Somoe hakunigombeza, na heri angenigombeza. "Mwali wako amesema, basi wewe ndiye uliyesema," aliniambia. Akanikataza kugusa ngoma ya unyago tena maisha yangu yote. Siwezi kumlaumu, ningekuwa yeye ningefanya vilevile.

Vijana wa bodaboda wakaupata ule wimbo kwenye simu zao. Nikienda kusaga nasikia sauti yangu kijiweni, na vicheko juu. Bakari hakukanyaga tena kwangu. Siku moja Zubeda akaja peke yake, amevimba macho, akaniambia mumewe amekataa mtoto achezwe na makungwi wa kwetu. Mwanahawa atachezwa na kungwi wa Lisekese.

Siku mwali alipotolewa, walipita njia ya mbele ya nyumba yangu. Sikuruhusiwa kujiunga nao. Nilisimama kizingitini nikamwona mjukuu wangu amefunikwa khanga, kichwa chini kama inavyotakiwa, amepakwa mafuta, amependeza... Hakujua kama nipo. Mwanamke mwingine ndiye aliyemshika mkono, na mimi sikuthubutu hata kupiga kigelegele.

Mama zangu, dada zangu, nawasihi. Wakija na magari yao kutaka kuhifadhi mila zenu, msiangalie goti linalopigwa. Ulizeni nani atasikia, na hilo jibu alitoe mkubwa wao mbele ya wazee wenu. Na kamwe, nasema kamwe, usimcheze mtu ambaye humjui mama yake, kwa sababu siku akiharibu utabaki wewe tu wa kuulizwa!

Nasikia wameomba kurudi kwa awamu ya pili. Waje. Mimi mlango wangu nimefunga. Mwanahawa akipita ananiamkia, shikamoo bibi, naitikia marahaba, naye anakwenda zake. Siku akiolewa, siku akishikwa na uchungu wa kuzaa, siku ndoa ikimshinda na anahitaji mtu wa kumwambia lisilosemeka, atatafuta somo yake. Hatakuja kwangu.