Sauti ya Pili

Lori lilikuwa limeshawashwa, na mama alikuwa akilizunguka, akigonga tairi moja moja kwa nyundo. Safari ya mpakani ilikuwa ndefu. Akirudi, angesimama mbele ya watu kuimba sauti ya pili ya kwaya yao peke yake, kwa mara ya kwanza maishani. Njiani ndiko angejifunza.

"Mwanangu, nyimbo zangu umeweka?"

"Zote, mama! Mia tatu!" binti yake akajibu kwa maringo. Mtaa mzima ulishasikia habari za hizo mia tatu. Kicheza muziki cha mama kilikuwa na nafasi ndogo, kwa hiyo alichagua ubora wa chini kabisa kwenye kompyuta ya baba, nyimbo zikabanana kama njiti kibiritini. Alizijaribu kwa spika ya simu tu, na kwenye spika ile hata ngoma hulia kama nyuki chupani.

Sasa alivaa visikilizio masikioni, ajipongeze kidogo. Waimbaji walikuwa kama wamefunikwa ndoo. Sauti ya kwanza ilisikika. Ya pili ilikuwa uji mtupu.

"Mbona kimya, Bi Mia Tatu?" akatania baba mdogo, utingo wa lori lile. "Zimepungua?"

Angenyamaza, mama angeondoka akimsifu hadi mpakani. Binti akavua visikilizio.

"Mama, subiri kwanza. Nimeziharibu. Nilitaka ziwe nyingi ili nisifiwe. Sauti ya pili haisikiki."

Mama akazima injini. "Zile za mwanzo zipo?"

"Zipo kwenye kompyuta."

"Kimbia, basi."

"Shemeji, foleni ya mzani wa malori je?" akauliza baba mdogo.

"Heri nichelewe mzani kuliko niaibike jukwaani."

Binti alinakili faili za mwanzo zilivyo. Chache tu zikajaza kifaa, nacho kikakataa kuzisoma, maana hakikuijua aina yake. Akarudi kwenye MP3, ile aina ya faili zilizobanwa. Hadithi chache za kusimuliwa zilizokuwamo pia akaziacha kwenye ubora wa chini, maana mtu mmoja akizungumza hahitaji nafasi kubwa. Nyimbo za kwaya akazipa ubora wa juu, akapunguza idadi. Safari hii alisikiliza kila wimbo kwa visikilizio, pale sauti ya pili inapoingia.

"Zimebaki thelathini tu, mama."

Mama akasikiliza, akaanza kuimba polepole, akatabasamu.

"Kazi haipimwi kwa wingi, mwanangu. Ipime kwa masikio ya atakayeitumia. Nyimbo ni nzuri, lakini ninachojivunia zaidi ni kwamba umesema kweli kabla gurudumu halijazunguka."

Mzani waliukuta na foleni ndefu. Mama alirudi, akaimba, akakosea mstari mmoja, akaendelea hadi mwisho. Baba mdogo, kwa kuisikia njia nzima, aliijua sauti ya pili yote bila kupenda. Binti huwawekea nyimbo madereva wengine siku hizi, na kwanza huwauliza watazisikiliza kwa kifaa gani.