Miezi Kumi na Minne ya Ghalani

Mwokaji alirudi kutoka kazini mchana, nyusi nyeupe kwa unga. Siku nyingine huingia na utani. Siku hiyo alikaa kitandani bila kuvua viatu.

"Mwenzetu wa kukanda unga amekataliwa ukaazi wa kudumu," alimwambia mkewe. "Kapewa siku thelathini afungashe."

"Kosa lake nini?"

"Karatasi hazikutimia."

Mkewe, mfanya usafi wa hoteli, aliacha kukunja nguo. Walikuwa ugenini miaka mitatu na nusu, wao na binti yao Kisura, katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Wakitimiza miaka mitano wangeweza kuomba ukaazi wa kudumu. Wakikosa, kibali kikiisha wote watatu wataondoka.

"Na sisi tumejiandaa?" aliuliza.

"Bado mapema, Mama Kisura. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," alijibu mkewe. Akapanda ghorofa ya juu kumwita jirani.

Jirani huyo alikuwa mshona mapazia. Aliwahi kukataliwa mara moja, akaomba tena, akapata. Tangu hapo hawezi kuona karatasi ikitupwa asiiokote.

"Shemeji, leta hati zako za mshahara," alisema.

Mama Kisura alifungua kabati la jikoni. Hati zilikuwa zimetandikwa chini ya chupa ya mafuta na kopo la chumvi.

"Ni karatasi nene," alijitetea. "Nilitaka mbao zisichafuke."

Mshona mapazia alicheka hadi akashika ukuta. Kisha wote watatu wakapiga magoti, wakaanza kuzibandua moja moja. Nyingine zilikuwa na alama ya duara ya chupa, lakini tarehe zilisomeka. Hati za mikate zilikuwapo zote.

"Na kabla ya mikate?"

"Nilifungasha vitunguu ghalani. Miezi kumi na minne."

"Hati za huko ziko wapi?"

Hazikuwapo. Mwokaji alikuna kichwa. "Si nitawaeleza tu kwa mdomo?"

"Maneno hayapigwi muhuri, shemeji. Ofisi ya uhamiaji inataka kujua ulikuwa wapi tangu mwezi wako wa kwanza hapa. Nenda ghalani uombe barua: ulianza lini, uliacha lini, ulifanya kazi gani."

Mwokaji aliangalia sakafu. "Kule siwezi kwenda. Niliondoka bila kuaga."

Hapo ndipo mkewe alipojua. Siku alipopata kazi ya mikate, mumewe alitundika glavu kwenye msumari wakati wa chai, akatokea mlango wa nyuma. Na nyapara wa ghala ndiye aliyemwajiri alipokuwa hajui hata kituo cha basi kiko wapi.

Wiki tatu zilipita. Kila asubuhi Mwokaji alisema, "Kesho." Aliogopa macho ya yule nyapara kuliko tanuri. Usingizi ulimpaa, mikate ikaungua mara mbili. Mkewe naye kila akisikia hodi alidhani ni watu wa uhamiaji, kumbe ni jirani anaomba chumvi.

"Chagua," alimwambia hatimaye. "Uone aibu siku moja, au tufungashe wote."

Siku hiyohiyo Mwokaji alikwenda. Uani palikuwa na lori moja tu, na rafu nyingi zilikuwa tupu. Nyapara, mama mfupi mwenye kalamu sikioni, alimtazama juu hadi chini.

"Chai gani hiyo," alisema, "ya kunywa miaka miwili na zaidi?"

Mwokaji alitamani ardhi immeze. "Nisamehe, mama. Nilikukosea adabu."

"Siku ile tulikuwa tumepungukiwa watu. Nilipakia malori mawili mwenyewe. Mgongo unanikumbusha mpaka leo. Haya, umefuata nini?"

Alimweleza. Nyapara alitikisa kichwa, akaingia ofisini, akaanza kushusha maboksi.

"Una bahati. Tunafunga mwisho wa mwezi, na majalada yote yanakwenda kuchanwa. Ungechelewa kidogo ungekuta kufuli."

Mwokaji alikaa juu ya gunia. Alizikumbuka zile wiki tatu za "kesho".

Barua ilikuwa na tarehe, kazi, saa zake za wiki, sahihi, muhuri na namba ya simu ya nyapara mwenyewe. Mwokaji aliishika kwa mikono miwili, na safari hii aliaga.

Mshona mapazia aliisoma mara mbili. "Sasa toa nakala. Karatasi halisi ibaki kwako, hata dalali wa vibali akikuapia kwa mama yake. Panga faili kwa miezi: mshahara, kodi ya nyumba, kibali. Andika kila safari ya nje ya nchi, siku ya kutoka na ya kurudi. Kisha nendeni ofisini wenyewe mkaulize masharti. Yangu yalikuwa ya wakati wangu. Yanabadilika."

Walikwenda. Kila mwezi Mama Kisura aliongeza karatasi kwenye faili. Akimwona mumewe anakunja hata risiti, anamkata jicho.

Miaka mitano ilipotimia, karani alifunua faili lao polepole. Aliuliza habari ya miezi kumi na minne ya mwanzo. Mwokaji alimwonyesha barua. Karani alipiga simu kwa nyapara, akasikiliza, akaandika neno, akafunua ukurasa unaofuata.

Walingoja wiki kumi. Zilikuwa wiki ndefu kuliko ile miaka. Kisha bahasha ikaja, na ndani kadi tatu. Mama Kisura alisoma kwa sauti, akarudia, akakaa chini akilia. Mwokaji naye alilia, wala hakuficha.

Kisura alitoka nyuma ya pazia. "Kwa hiyo hatuondoki?"

"Hatuondoki, mwanangu."

Aliinama uvunguni mwa kitanda chake, akavuta begi lililofungwa zipu. Ndani mlikuwa na nguo zilizokunjwa vizuri, mswaki, na gauni moja ambalo lilikwisha kumbana siku nyingi. Alikuwa amelipanga begi hilo tangu siku ile baba yake aliporudi na habari ya mwenzake wa kukanda.

"Basi nitoe nguo zangu," alisema.