Naftalini Ndani ya Tangi

Wazazi wenzangu, na ninyi vijana mnaotuendesha, nipeni sikio kidogo. Jambo hili lilitupata nyumbani kwetu, na hata leo nikilisimulia kichwa kinanizunguka.

Asubuhi zetu zilikuwa tulivu. Chumba cha mbele ndicho karakana ya mwanangu, mshona mapazia. Yeye kwenye cherehani, mimi napiga pindo, mkewe kakaa dirishani anakunja vitambaa. Huyu mkazamwana wangu figo zake zimechoka, na siku zake za kusafishwa damu hospitalini hazirukwi. Mabasi yalimtesa mno. Ndipo mwanangu akapata gari lililokwisha tumika, aina ya haibridi: lina injini ya petroli na lina betri kubwa, vinasaidiana kazi. Lilitoka uani kimya kama paka. Nikamshukuru Mungu.

Utulivu wetu ulivurugwa na swali moja la kituo cha mafuta. Muuzaji aliinama dirishani, bomba mkononi.

"Kaka, nikuwekee ya tisini na moja au ya tisini na tano?"

Mwanangu akanitazama mimi. Mimi nikamtazama mkewe.

"Hizo namba za nini?" nikauliza.

"Madaraja ya petroli, mama. Wanaita okteni," muuzaji akajibu.

"Ee Mola! Mimi niliishia darasa la saba, kumbe petroli imefika la tisini na tano?"

Mkewe alicheka hadi akashika ubavu. Kisha akasema kwa upole, "Mume wangu, si tuwapigie simu waliotuuzia tuwaulize?"

"Wajue kwamba sijui gari langu mwenyewe? Watanicheka." Akamgeukia muuzaji. "Weka ya juu."

Ndugu zangu, angalieni hapo. Aliyeogopa kuuliza penye jibu alikwenda kutafuta jibu pasipokuwa nalo.

Alikwenda kwa kinyozi wa jirani, ambaye mtaa mzima unamwita Pistoni kwa sababu zamani aliuza vipuri. "Ya juu ni ya magari ya mashindano," Pistoni akamwambia. "Lako ni nusu betri. Lipe nusu kwa nusu!" Mteja mmoja mwenye povu kidevuni akadakia, "Usimsikilize huyo. Petroli ya chini inaua betri." Mwanangu akarudi nyumbani kichwa kimenyolewa nje, ndani kimejaa kuliko alivyoondoka. Wiki hii akaweka ya juu, wiki ijayo ya chini, halafu akachanganya.

Kisha akaanza kusikia mambo. Gari likisimama kwenye foleni, injini inazima. Likianza kupanda mlima, inanguruma yenyewe.

"Mama, umesikia? Linaumwa. Ni ile petroli."

Nilitega sikio. Sikujua kama ule ni ugonjwa au ndiyo sauti yake. Yeye naye hakujua. Nikaomba dua kimoyomoyo, maana dua haiulizi okteni.

Siku nyingine nikafungua kabati la nguo za sufu. Naftalini zote hazikuwamo, zile goroli nyeupe tunazoweka ili nondo wasitafune nguo. Nikasema labda panya. Lakini panya gani huyo anakula naftalini? Nilipopanda gari, nikakutana na harufu ya kabati langu.

"Mwanangu, mbona gari linanukia koti la marehemu baba yako?"

Akakohoa. "Pistoni kasema nikizisaga nikazitia kwenye tangi, petroli ya chini inapanda daraja."

"Na wewe ukaamini?"

"Mama, kila mtu ana lake. Nimeamini la mwisho."

Mkewe hakucheka safari hii. "Hospitali ni kesho," alisema tu.

Kesho yake tuliondoka kimya kimya kwa betri. Tulipofika katikati ya mlima, injini ikajaribu kuamka. Ikakohoa, ikatetemeka, ikanyamaza. Taa nyekundu zikawaka mbele ya usukani, na gari likakata nguvu. Mwanangu akabonyeza hiki, akabonyeza kile. Mkazamwana wangu miguu ilikuwa imevimba na pumzi zinakatika.

"Mama," akaninong'oneza, "mwambie asigombane na gari. Atafute gari jingine."

Gari la kupeleka mikate ndilo lililotuokoa. Tulimlaza katikati ya makreti, mimi nimekipakata kichwa chake. Hospitalini muuguzi alimtazama mara moja, akakimbia na kiti cha magurudumu. "Mngechelewa zaidi kidogo tu, tungempoteza," alituambia baadaye.

Gari lilivutwa hadi kwa wale wale waliotuuzia. Fundi wao, mwanamke mmoja mpole, alimwaga tangi lote akasafisha mirija. Kisha akafungua kifuniko cha mafuta na kutuonyesha karatasi iliyobandikwa kwa ndani, maandishi ya kigeni.

"Nilidhani ni tangazo," mwanangu akasema.

"Inasema gari hili linywe petroli ya kawaida. Ile ya tisini na moja inalitosha. Ya juu isingelidhuru, ila isingelipa nguvu lisizoumbiwa."

"Na kule kunguruma kwenye mlima?"

"Hiyo ndiyo kawaida yake. Betri ikihitaji msaada, injini inaamka." Akamtazama. "Kaka, kwa nini hukupiga simu? Tungekujibu kwa dakika moja."

Mwanangu aliinamisha kichwa. Hakuna aliyemcheka.

MAFUNZO

Kwanza, kila gari lina petroli yake. La jirani si lako. Soma kwenye kifuniko au kwenye kitabu chake, na kama husomi lugha yake, muulize aliyekuuzia. Pili, aibu ya kuuliza hupita, lakini hasara ya kutouliza hukaa nyumbani. Tatu, ninyi wajuzi wa vibarazani, neno "sijui" halivunji meno. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na ndani ya chombo huwa kuna mgonjwa.

Nami nilipolitoa koti la marehemu kabatini, nilikuta nondo wamelitoboa mgongoni. Nimelishona kwa uzi mweusi, mkazamwana wangu akinishikia taa. Koti hushonwa. Mtu hashonwi.